Mwaka wa Raba Nyekundu

Jodi alinipigia simu mwezi Machi mwaka huu, baada ya kimya cha zaidi ya miaka kumi, na mimi, mwanamke mzima ninayekaribia arobaini, ninayewafumba macho marehemu kazini bila mkono kutetemeka, niliiacha simu ilie hadi ikachoka yenyewe. Nilikuwa nimekaa ndani ya gari nje ya makao ya wazee ninapofanya kazi, kule Inver Grove Heights, injini inaunguruma nipate joto, kahawa nimeibana mapajani. Aliacha ujumbe. "Moraa, ni Jodi. Mwisho wa mwezi nahama, naenda kwa dada yangu Arizona. Kuna jambo nataka kukuambia kabla sijaondoka. Ana kwa ana, kama hutajali." Basi. Hakuna habari ya siku nyingi, hakuna u hali gani. Niliusikiliza ujumbe ule mara nne, kwa sababu nilijua, au nilidhani najua, alichotaka kuniambia. Mwaka 2014, mbele ya watu watatu waliovaa suti, nilisema neno moja fupi la uongo, na uongo wenyewe ulimhusu yeye. Tangu siku ile nimekuwa nikingoja aje aniulize kwa nini.

Habari za kwetu nitaziruka; anayezitaka aende Kisii, huko hawakosekani wa kuzisimulia. Inatosha kusema kwamba nilijifunza kupanda farasi Nairobi, kwenye mazizi yaliyokuwa karibu na nyumba tuliyopanga, na nilipofika Minnesota nikiwa na miaka ishirini na mitatu nilijua mambo mawili tu duniani: farasi wa mbio na kukaa na njaa. Anti Kemunto, dadake baba, alinipokea kwake Brooklyn Center, ghorofa ya pili, vyumba viwili, zulia la rangi ya chai ya maziwa, na friza ambayo haikufungika vizuri kwa sababu ya chinsaga, zile mboga za kwetu, alizoletewa na kila aliyetoka safari nyumbani. Alikuwa amenipangia maisha yote: kozi ya kuhudumia wazee, kisha shule ya manesi, kisha mume. Nilipomwambia nimepata kazi kwenye uwanja wa mbio za farasi, huko ng'ambo ya Burnsville, mwendo wa dakika arobaini kwa gari, aliendelea kuchambua mboga bila kuinua uso. "Kazi ya kusafisha?" Nikamwambia hapana, ya kupanda. "Na watu wanabeti huko?" Nikamwambia wanabeti. Akafikiri. "Basi kanisani tutasema unafanya kazi na wanyama." Na ikawa hivyo. Kwa miezi mingi akina mama wa kanisa waliamini mimi ni nusu daktari wa mifugo, na mmoja aliwahi kuniletea paka wake aliyekuwa akikohoa.

Majoki wanaume, yaani wapanda farasi wa mbio, walikuwa na chumba kikubwa pale uwanjani, chenye sofa, televisheni, na jiko lililonuka maharage na pilipili tangu asubuhi. Sisi wanawake tulikuwa wawili tu, kwa hiyo tulipewa kilichokuwa stoo ya taulo. Kilikuwa na benchi moja, misumari minne ya kutundikia nguo, kioo kilichopasuka pembeni, na ukuta mwembamba kiasi kwamba tulisikia wanaume wakipiga chafya. Jodi alikuwa ameshakaa humo misimu minane peke yake. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mtoto wa wakulima wa huko huko Minnesota, uso umekauka kwa jua na upepo, maneno machache. Kila kitu kwake kilikuwa "si mbaya sana." Ameshinda mbio tatu kwa siku moja: si mbaya sana. Farasi amemkanyaga mguu hadi kucha imetoka: si mbaya sana. Chakula chake cha mchana kilikuwa yai moja la kuchemsha na majani, na alikula polepole, akilikata yai vipande vinane. Siku ya kwanza nilidhani hatanisemesha kabisa. Siku ya tatu alisogeza viatu vyake akaniachia misumari miwili ukutani, na kwa watu wa kule, huko ni kama kukukaribisha nyumbani.

Yeye ndiye aliyeuona ugonjwa wangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Nairobi farasi hukimbia wakizunguka kwa mkono wa kulia; reli ya ndani iko kuliani kwako. Amerika wanazunguka kwa kushoto. Kichwa kinaelewa hilo kwa dakika moja, lakini mkono una akili yake, na mazoea yana taabu. Farasi akichoka kwenye kona huegemea ndani, upande wa reli. Nairobi dawa yake ilikuwa kuushika mjeledi kwa mkono wa kulia na kumgusa upande huo, naye hujitoa kwenye reli. Huku, ukimgusa kuliani, unamsukuma hukohuko ndani, juu ya mwenzako. Siku moja ya mazoezi ya asubuhi nilifanya hivyo, na Jodi akaponea chupuchupu kubanwa relini. Tuliporudi chumbani nilingoja matusi. Badala yake alitoa mfukoni raba nyekundu, ile wanayofungia brokoli supamaketi, akanivisha kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akaivuta na kuiachia. Ta! Iliniuma. "Reli iko huku," akasema. "Mkono ni huu. Siku ukisahau, utamwangusha mtu." Kuanzia siku hiyo sikupanda farasi bila raba ile, na kabla ya kila mbio Jodi aliivuta mara moja akaiachia. Ta! Ndiyo iliyokuwa dua yetu.

Sasa niseme habari ya Biskuti, maana ndipo mambo yalipoanza kuchacha. Alikuwa farasi jike wa kahawia, jina lake kamili lilikuwa refu lakini sote tulimwita Biskuti, na Jodi alikuwa amempanda mara mbili akashika nafasi ya pili zote mbili. Kwa sheria za mbio, joki mwanagenzi kama mimi hupunguziwa uzito, farasi wake abebe paundi chache kuliko wengine, ili wenye farasi wapate sababu ya kumpa kazi. Mkufunzi wa Biskuti alipiga hesabu yake, akamtoa Jodi, akaniweka mimi. Niliposikia nilitamani nimkatalie, lakini sikumkatalia. Nilikwenda chumbani nikamwambia Jodi, nimeangalia sakafu. Alikuwa akipaka tandiko lake mafuta. "Hamna shida," akasema. "Ndiyo mchezo wenyewe." Akaendelea kupaka. Nilifurahi kuona ameichukulia vizuri. Nilikuwa kijana, niliamini watu wanaposema hamna shida.

Ijumaa jioni, siku moja kabla ya mbio zile, Anti alikuwa amepata siku ya mapumziko baada ya wiki mbili za shifti mfululizo, na akapika chapati. Si mkate ule wa bapa wa kununua dukani, la, chapati za kusukuma, za tabaka, zinazoacha mafuta kwenye vidole. Nilikuwa nimeishi kwa chai nyeusi tangu Jumatano. "Mtoto wa watu utaanguka kwenye huyo farasi kwa njaa," alisema, "halafu nitamwambia nini kaka yangu?" Nilikula mbili. Jumamosi mchana nilipopanda mizani ya majaribio chumbani kwetu, nilikuwa nimezidi. Kidogo tu, chini ya paundi moja, lakini kwa mwanagenzi uzito ndio kila kitu. Ukizidi wanatangaza kwenye vipaza sauti na mkufunzi anakukodolea macho. Nikavua soksi nikavaa nyepesi. Nikavua herini, saa, kibanio cha nywele. Nikavua na ile raba. Mtu asiyejua kazi yetu atacheka, raba ya brokoli ina uzito gani? Lakini mwenye njaa ya siku tatu anayesimama juu ya mizani hana akili za kutosha. Niliitundika kwenye msumari, mizani ikasoma sawasawa, nikakimbia kwenda kupimwa rasmi. Raba ikabaki pale ukutani.

Tulikuwa farasi saba. Jodi alikuwa juu ya farasi dume mweusi, ndani kabisa kando ya reli. Nje yangu alikuwa Beto, joki mzee kutoka Mexico mwenye mabega mapana na historia ndefu ya kusimamishwa kwa utovu wa nidhamu. Hata wasimamizi walipoota mchana, nadhani walimwota yeye. Hadi kona ya mwisho mambo yalikuwa shwari. Biskuti alikuwa mbele, Jodi nusu mwili nyuma yangu kwenye reli, Beto anakuja kwa nje kwa kasi, nasikia farasi wake akipumua. Hapo Biskuti akachoka. Nilimhisi akilegea mabega, akaanza kuegemea ndani. Kitu nilichopaswa kufanya kilikuwa kuhamisha mjeledi mkono wa kushoto. Nilikijua. Ningeweza kukisema usingizini. Lakini Beto alikuwa ananifikia, roho imenipaa, na mkono wangu ukarudi Nairobi. Kulia mara moja. Kulia mara mbili. Biskuti akaruka ndani. Nilimsikia Jodi akiniita, hakusema "angalia," aliniita kwa jina, "Moraa!" na mkono ukapiga mara ya tatu. Kwato za farasi wake zikagonga za Biskuti. Sikuona alivyoanguka. Nilisikia watu wa jukwaani, wote kwa pamoja, wakivuta pumzi.

Nilimaliza wa pili na kabla sijamgeuza Biskuti taa za uchunguzi zilikuwa zinawaka ubaoni. Wakaniondoa kwenye matokeo wakaniweka wa mwisho. Ambulensi ilikuwa bado iko kwenye kona. Nilirudi kwenye ile stoo ya taulo nikakaa kwenye benchi, na vitu vyake vyote vilikuwa pale: suruali ya jinzi, funguo za lori lake, yai ndani ya kikopo cha plastiki, limekatwa vipande vinane, kimoja kimeliwa. Na kwenye msumari wangu, raba. Niliogopa hata kuigusa. Nyuma ya ukuta wanaume walikuwa wakinong'ona, na nilisikia mmoja akisema nyonga, nyonga imevunjika, na mwingine akasema basi huyo hapandi tena. Nilivaa nguo zangu juu ya jasho nikaondoka bila kuoga. Niliiacha raba palepale. Jodi hakupanda tena.

Kwa kawaida joki anayetuhumiwa haitwi siku ileile. Mastiwadi, yaani wale wasimamizi watatu wa mbio, humwita siku inayofuata ya mashindano, asubuhi, watazame naye filamu pamoja na ajieleze. Siku yangu iliangukia Alhamisi. Kutoka Jumamosi hadi Alhamisi sijui niliishije. Jumapili nilikwenda hospitali, dada yake akanizuia mlangoni akasema amelala. Jumatatu, amelala. Jumanne ajenti wangu, Lonnie, bwana mmoja mnene aliyekuwa akinitafutia farasi wa kupanda na kula sehemu ya ushindi wangu, aliniita kwenye gari lake akanionyesha filamu kwenye simu. "Tazama hapa," akasema, akiisimamisha. Kamera ya mbele ilionyesha bega la farasi wa Beto na bega la Biskuti, na katikati yao huoni nafasi. "Unasema Beto alikugonga kutoka nje, farasi wako akapoteza mwelekeo. Nani atabisha? Faili la Beto ni nene kuliko Biblia." Nikamuuliza itakuwaje nikisema ni mimi. Akakuna shingo. "Kosa la kwanza, siku chache. Lakini wakijua ulishawahi kuonywa kuhusu jambo hilohilo, huo si uzembe wa bahati mbaya tena. Msimu umekwisha, na laisensi yako sina uhakika." Kisha akapokea simu, akashuka garini, na kwa dirisha lililokuwa wazi nilimsikia akimtafutia Biskuti joki mwingine.

Anti aliniona sili, silali, nimekaa sebuleni nimeshika rimoti ya televisheni iliyozimwa. Nikamwambia nina kesi. Sikupaswa kutumia neno hilo. Jumatano saa kumi jioni nyumba ilikuwa imejaa akina mama wa maombi, wengine bado na sare za kazi, vitambulisho shingoni, pilau imefunikwa foili, na mwanamke mmoja kutoka Kongo aliyekuja na jirani yake akisema, "Pole sana, dada, hata sisi tulikuwa na dossier ya uhamiaji miaka saba, Mungu akafungua." Niliona aibu hadi nikatamani kuzama ndani ya zulia. "Kesi ya nini lakini?" akauliza mmoja. Anti akakohoa. "Ya farasi." "Farasi aliuma mtu?" Ndipo nilipowaeleza yote, kwamba mimi si daktari, mimi ni joki, watu hubeti wakinitazama, na nimemwangusha rafiki yangu. Anti alijifunika uso kwa leso. Nilitarajia mahubiri. Lakini Mama Nyaboke, mkubwa wao, mama mfupi aliyefanya kazi ya kuosha wagonjwa miaka ishirini na hakuwa na muda wa kupoteza, aliniuliza, "Wewe, Moraa. Ulikosa ama hukukosa?" Nikasema nilikosa. "Basi ukienda kesho, sema hivyo. Na usipunguze." Wakaomba, kwa Kiswahili na Kikisii na Kifaransa, mikono kichwani kwangu, mizito. Walipoondoka walikuwa wamenipakulia sahani ya pilau kama mlima, nami sikuweza kumeza hata punje.

Chumba cha mastiwadi kilikuwa juu kabisa ya jukwaa, kina baridi, kina mazulia mazito, na skrini tatu ukutani. Mkuu wao alikuwa mzee mrefu mwenye tai ya manjano, sauti ya upole, upole ule unaotisha. Wakazima taa wakaonyesha filamu kwa pembeni, kisha kwa mbele, kisha polepole. Nilijiona. Niliuona mkono wangu ukipanda na kushuka, kulia, kulia, kulia, na nikamwona Jodi, kwa mara ya kwanza, jinsi alivyosimama kwenye vikuku vya tandiko akijaribu kumzuia farasi wake, hana pa kwenda. "Bibi," akasema mzee wa tai ya manjano, "yule wa nje alikugusa?" Lonnie aliyekuwa nyuma yangu akavuta pumzi. Kwenye skrini mabega mawili ya farasi yalikuwa yamesimama pamoja, na mtu yeyote angeamini. Nikasema, "Hapana. Beto hakunigusa." Nikasikia kiti cha Lonnie kikilia. "Nilitumia mkono usio sahihi. Nilikojifunza tunazunguka kwa kulia. Nilishtuka, mkono ukarudi kule." Mdogo wao alichukua kalamu akajaribu mezani, kulia, kushoto, akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Nilianza kupumua. Nilisema ndani yangu, Mama Nyaboke, umeona? Sikupunguza. Ndipo yule mzee, akiandika, bila hata kuniangalia, akauliza, "Na kuna mtu yeyote hapa aliyewahi kukuonya kuhusu mkono huo?"

Nikasema, "Hapana."

Ilitoka haraka kuliko chafya. Wakanipa siku kumi za kusimamishwa kwa kupanda kwa uzembe, na karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na jiko la majoki, ikieleza kwamba adhabu imekuwa nyepesi kwa kuwa mhusika hakuwahi kuonywa na amekiri mwenyewe. Beto alinifuata nje akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. "Wewe mkweli," akasema, na siku ya pili akaniletea chakula alichopikiwa na mkewe, kimefungwa kwenye maganda ya mahindi. Nilijiona mwizi. Kwa neno moja nilikuwa nimeifuta ile siku Jodi aliponivisha raba, na maneno yake, na kila ta! ya kila mbio, yaani kitu pekee ambacho Jodi alinifanyia ili lile lisitokee. Ijumaa nilirudi hospitali na safari hii dada yake akaniruhusu. Jodi alikuwa ameinuliwa mto, uso mweupe kama shuka. Nikamuuliza anajisikiaje. Alinitazama, akatazama kifundo changu cha mkono, kisha akageukia dirisha. "Si mbaya sana," akasema. Sikurudi tena. Nilimaliza siku zangu kumi, nikapanda hadi Septemba bila moyo, na baridi ilipoingia nikamwambia Anti aniandikishe ile kozi yake. Alifurahi mno. Alipika chapati, nami nikasema nimeshiba.

Watu hudhani kitu kama hicho kinafifia. Kazini nimekuwa mtu wa kuulizia mara mbili. Dawa hii ni ya nani? Umehakikisha? Wasichana wapya wananiita Mama Hakikisha wakidhani sisikii. Nikiwaona wamekosea nawakaripia vikali kuliko wanavyostahili, halafu naenda chooni nalaumu roho yangu, maana najua ninayemkaripia ni nani. Kwa hiyo Jodi aliponipigia simu, nilijiambia: afadhali. Aje aseme. La kuvunda halina ubani.

Tulikutana Jumamosi asubuhi kwenye mkahawa mmoja katika maduka ya Burnsville. Nilifika mapema dakika ishirini nikakaa garini nikitazama mlango. Lori lake likaja, si lile la zamani. Alishuka kwa mguu mmoja kwanza, kisha fimbo, kisha mguu wa pili. Nywele zimekuwa za mvi na amezikata fupi. Nilikuwa nimeapa kwamba nitasema mimi kwanza, asije akalazimika kuuliza, na tulipokaa tu, kahawa hazijafika, nikatapika yote. "Jodi, mastiwadi waliniuliza kama kuna mtu aliyenionya. Nikasema hapana. Nilidanganya. Ulinionya wewe, na nilikukana."

"Najua," akasema. "Walinipigia simu hospitali jioni ileile. Wakaniuliza mimi pia."

Sikuwa nimewahi kufikiria hilo. Miaka yote, hata siku moja. "Ukawaambia nini?"

"Niliwaambia hapana." Alikuwa akizungusha kijiko juu ya meza. "Ndicho nilichotaka kukuambia. Ningesema ndiyo, ningeeleza habari ya raba. Halafu wangeniuliza kama siku ile ulikuwa nayo." Akakiweka kijiko. "Nilikuona, Moraa. Pale wanapowazungusha farasi kabla ya mbio. Ulisimama karibu nami kama kawaida, ungoje niivute, nami nikaona mkono mtupu. Ulikuwa umekaa juu ya farasi wangu. Nikasema moyoni, acha leo akose. Nilidhani utashindwa tu mbio. Nikageuka."

Nitasema ukweli: nilikasirika. Damu ilinipanda hadi masikioni. Nilisimama na kiti kikaanguka nyuma yangu na watu wakageuka. Zaidi ya miaka kumi! Nimeoga na jambo lile, nimelala nalo, nimekataa chapati za marehemu Anti yangu hadi siku alipokufa, na huyu mtu alikuwa na nusu yake mfukoni muda wote! Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Aliyapokea yote, mikono juu ya meza, na nilipoiona ile mikono, vidole vimepinda kwa kuvunjika mara nyingi, na fimbo imeegemezwa kando ya goti, hasira ikakosa pa kukaa. Yeye alinyamaza sekunde tano tu kabla ya mbio zile, nyonga yake ikaondoka. Nikakiinua kiti nikakaa. Kahawa zililetwa. Hakuna aliyezigusa.

"Kitu kimoja tu sikuwahi kukielewa," akasema hatimaye. "Kwa nini uliivua?"

Nikahisi uso unaniwaka upya. Nikamweleza. Ijumaa ile, Anti, sufuria, njaa ya tangu Jumatano. Mizani, herini, saa, kibanio, raba. Alinisikiliza amekunja uso, kama anayefuatilia mbio kwa mbali.

"Ulizidi kwa sababu ya mkate," akasema.

"Chapati."

"Ngapi?"

Nilifungua mdomo niseme mbili. Hata humu, kurasa chache nyuma, nimeandika mbili, maana ndivyo nilivyojisimulia miaka yote. Nikamkumbuka Mama Nyaboke na sare yake ya kazi, mikono yake mizito kichwani kwangu.

"Tatu," nikasema. "Na ya nne nusu."

Jodi alinikodolea macho. Midomo yake ikaanza kutetemeka, nisijue anaelekea wapi, kulia au kucheka, na sidhani yeye mwenyewe alijua. "Angalau zilikuwa tamu?"

"Si mbaya sana," nikamwambia.